Kamati ya Mtu Aliyekuwa Hewani

Masaa kumi na tano? Brayo, wacha. Hiyo umetoa kwa simu. Umeandika Eldoret, ukaandika Toronto, simu ikachora laini moja ya bluu juu ya bahari, ikakupea hesabu na wewe ukaamini. Ati karibu kilomita elfu kumi na mbili. Ati ukigawanya na mbio ya ndege unapata masaa kumi na tano, kwa hivyo babako siku ile hakukosea sana. Hakukosea sana! Mimi nilikuwa hapo. Wewe pia ulikuwa hapo, lakini ulikuwa unakula, sasa nyamaza nikwambie. Hakuna ndege inatoka Eldoret inaenda Toronto. Hata Nairobi hakuna yenye inaenda huko moja kwa moja. Hiyo laini ya bluu ni ya ndege ya kuchorwa. Haina abiria, haina mtu ameshika pasipoti na mikono miwili, na haina mtu nyumbani anamngoja. Mimi nakuambia ile safari ilikuwa urefu gani kwa sababu mimi niliipima, na sikuipima na simu.

Naongea hivi kwa sababu juzi tumezika Kukhu. Kukhu ndiye nyanya, kwetu sisi watu wa Bungoma. Huyu wangu ndiye alizaa mama yangu, na pia, kwa bahati mbaya, akazaa Anko Joram, baba ya Brayo. Kwa mazishi Anko alishika maikrofoni akasema mbele ya watu wote ati mama yake alikuwa mwanamke mbishi, ati kuna siku alitaka kujiua na njaa na ni yeye, Joram, alimwokoa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na sahani ya mchele mkononi, nikaiweka chini nikatoka, kwa sababu ningebaki ningerusha kiti. Na tangu siku ile ya njaa, harufu ya kuku inakaangwa asubuhi na mapema, kabla watu waamke vizuri, siiwezi. Hapa Langas, mtaa wetu wa Eldoret, kuna mama anakaanga kuku saa hizo karibu na stendi. Nikipita hapo narudi darasa la tatu, miguu na akili yote.

Tulikuwa tunaishi kwa ploti, chumba kimoja cha mabati, mimi, mama na Kukhu. Mama alikuwa anafulia wanafunzi nguo huko Kesses. Anaondoka na giza, anarudi vidole vimekunjamana kama vya mtu amekaa kwa mto wiki mzima. Halafu akapata kazi ya kuangalia wazee huko Canada, kupitia kwa mtu wa kanisa. Canada mimi nilikuwa naijua kutoka kwa fulana za mitumba. Nilidhani ni mahali watu wanatengeneza nguo, wanazivaa kidogo, halafu wanatutumia. Toronto nayo nilidhani ni kama Nakuru, ila mbele zaidi. Jua nililokuwa naliona nilidhani ndilo kila mtu duniani anaona hiyo saa. Hakuna mtu alikuwa ameniambia vingine, na kwa ile nyumba hakuna mtu alikuwa anajua vingine, kuanzia yule mwenye alijifanya anajua.

Sasa sikia desturi ya Kukhu, kwa sababu bila hiyo hutaelewa. Kwa kanisa yake, ile ya nguo nyeupe na ngoma, mtu wa nyumba akisafiri mbali lazima mmoja abaki akimfungia. Huli, hunywi kitu isipokuwa maji ya kumeza dawa, na hukai kwa kiti. Unakaa chini kwa mkeka, kwa sababu mwenye safari hajagusa chini, sasa wewe unagusa kwa niaba yake. Akifika, akikanyaga, ndio wewe unainuka unakula. Kukhu alikuwa amemfungia babu akienda Kitale kutafuta kazi ya trakta. Alimfungia mama akienda kujifungua mimi. Hata Joram alifungiwa akienda Mombasa kwa semina, akarudi na suruali mpya na hakusema asante.

Na mimi, akili ya darasa la tatu, nikaunganisha. Kulikuwa na ndege za mizigo zilikuwa zinapita juu yetu zikielekea uwanja wa Kapseret, kubwa, nzito, zinanguruma mpaka mabati yanatetemeka. Nilikuwa nimejiuliza sana ni nini inashikilia ile chuma isianguke. Siku Kukhu aliponieleza mambo ya mkeka nikasema, ahaa. Ndio hiyo. Kila mtu mwenye yuko kwa ndege ana mtu wake mahali, amekaa chini na njaa, na ndio maana ndege inakaa juu. Na zile huwa zinaanguka, basi kuna mtu nyumbani alionja sufuria. Sikumwambia mtu. Ilikuwa wazi sana kwangu hata sikuona haja ya kuuliza.

Shida ilikuwa moja: Kukhu alikuwa na ugonjwa wa sukari.

"Mayi, wewe usifunge," mama alimwambia, siku chache kabla ya safari. Mayi ni mama, kwa lugha yetu. "Daktari alisema ukimeza dawa lazima ule. Alisema mara ngapi?"

"Daktari hakukuzaa."

"Basi mwambie Nekesa afunge."

Nekesa ni mimi. Kukhu alinitazama, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. "Huyu? Huyu hawezi kumaliza ibada bila mandazi."

Mama hakucheka. Alinivuta kando, nje pale kwa mfereji, akainama mpaka macho yetu yakawa sawa. "Sikiza vizuri. Kukhu akitoka jasho na hakuna joto, akitetemeka, akianza kuongea vitu havieleweki, hiyo ni sukari imeshuka. Usilie, usikimbie. Mpe kitu tamu. Haraka. Umesikia? Sema." Nikasema. Akanisemesha tena. Hiyo ndiyo kitu ya mwisho ya maana mama alinifundisha akiwa anaweza kunigusa, na sikuwahi kuisahau hata kidogo.

Halafu ndio akaja Anko Joram na ukarani wake. Alikuwa karani kwa ofisi fulani mjini, mtu wa tai, kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Kwetu mjomba ni khocha, lakini yeye alikataa hilo jina, alitaka Anko, ati khocha ni ya watu wa shamba. Akaingia, akakaa kwa kile kiti kizuri bila kuulizwa, akasema, "Leteni hiyo tiketi. Nyinyi wanawake mnasumbuka bure, hii kitu ni hesabu tu."

Akasoma tiketi kama hakimu. "Inatoka Nairobi saa kumi na moja jioni. Inafika Toronto saa tatu na nusu asubuhi. Toa hii kwa hii. Masaa kumi na sita na nusu. Na mengi ni ya usiku. Mayi, utakuwa umelala."

"Joram," mama akasema, "lakini yule aliniuzia tiketi alisema inachukua karibu siku mzima. Tunangoja Dubai."

"Kungoja iko ndani ya hesabu. Yule ni wa kuuza tiketi. Mimi nimesoma tiketi."

Unaona huyo mtu? Alichukua jioni ya Kenya akaitoa kwa asubuhi ya Canada, kama mtu anatoa mbuzi kwa viazi, na akafurahi na jibu. Na tulimwamini. Kukhu, mwenye alikuwa anabishana na madaktari, wahubiri na polisi, alimwamini huyu mmoja kwa sababu alimsomesha kwa kuuza kuku wake wote, na ukishauza kuku wako wote unataka kuamini ulinunua kitu.

"Basi ni sawa," akasema. "Asubuhi nitameza dawa yangu kama kawaida, na hiyo saa unasema, mtoto akifika, nakula."

"Na kuku nitaleta mimi," Anko akasema, kifua mbele.

Mama aliondoka. Sitasimulia kuondoka kwake, hiyo ni yangu. Jioni akapiga simu kutoka Nairobi, akasema wameitwa waingie kwa ndege, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anaongea ndani ya kikombe. Kukhu akamwombea kwa simu, haraka haraka, halafu akaniambia, "Leta mkeka." Akakaa chini, akanyoosha miguu, akafunga macho. Mimi nikalala nikijua mama yuko salama, kwa sababu niliona mwenyewe mwenye anamshikilia.

Niliamka na harufu ya kuku. Bibi ya Anko alikuwa amewasha jiko nje kabla jua litoke vizuri, mafuta yanalia, chapati zimepangwa kwa sinia chini ya taulo, na wewe Brayo ulikuwa umekaa kwa ndoo iliyopinduliwa unakula firigisi. Usikatae, ulikuwa na mafuta mpaka kwa masikio. Majirani wakaanza kuingia, kwa sababu Anko alikuwa ametangaza ploti mzima waje washuhudie mtu wa kwanza wa ukoo wetu akikanyaga Amerika. Canada, Amerika, kwake ilikuwa ni moja. Kukhu alimeza dawa yake pale kwa mkeka na maji kidogo, akasema, "Sasa ni karibu." Mimi nilikuwa nimekunywa uji alfajiri na nikaanza kuona vibaya, nikafikiria labda nilikuwa nimeongeza mzigo kwa ile ndege.

Anko aliweka simu kwa stuli, juu ya kitambaa cha kushonwa, katikati ya chumba. Saa tatu na nusu ilipokaribia akaanza kuhesabu kurudi nyuma kama mtu wa mwaka mpya, na watu wote wakahesabu na yeye. Tano, nne, tatu, mbili, moja. Mtu akapiga makofi peke yake, akaacha. Simu ikakaa tu hapo kwa kitambaa, imelala.

"Wako kwa foleni," Anko akasema. "Foleni ya huko ni refu."

Saa nne ikapita. Akapiga nambari ya mama, ile ya Kenya, tena kwa sauti ya juu ili sisi sote tusikie yule mwanamke wa mitambo akisema mteja hapatikani. Angepatikana aje na laini ya Kenya, akiwa juu ya bahari? Lakini watu wakashika vifua. Kuna mtu akauliza kama redio imesema kitu. Hakuna redio ilikuwa imesema kitu. Kwa hawa watu wangu, redio ikinyamaza hiyo nayo ni habari. "Wanaficha," mtu akasema. "Huwa wanaficha kwanza, mpaka wapigie familia za wazungu." Na mwanamke mmoja hapo kwa mlango, hata sijui aliitwa nani, akaanza kulia. Mmoja akilia, basi.

Nataka nyinyi wa umri wangu mnisikize hapa, kwa sababu mnajua hii tabia na mnaifanya hata leo kwa makundi yenu ya simu. Hakuna mtu alienda kuuliza kwa ofisi ya tiketi. Hakuna mtu alisema hebu tuangalie tena hiyo hesabu. Walichofanya ni kuunda kamati. Naapa. Kabla ya saa sita, mama yangu akiwa hai, amekaa kwa kiti cha ndege, pengine ameletewa chakula kwa kisahani, sisi hapa Langas tulikuwa na mwenyekiti, sekretari na mweka hazina wa mazishi yake. Mwenyekiti ni nani? Anko Joram. Mweka hazina ni Mama Wanjiru wa duka, kwa sababu alikuwa na kikokotoo. Mwenye ploti akaleta viti vya plastiki. Viti vya plastiki vikishafika, mtu amekufa, hata akipita hapo akitembea.

"Mimi kama kifungua mimba," Anko akaanza, amesimama, kikombe cha chai kwa mkono, "lazima niwe na nguvu kwa niaba ya familia. Tujipange mapema. Tusingoje kushtukizwa."

"Mwenyekiti, tutazika wapi?"

"Bungoma, nyumbani. Na kama mwili hautapatikana," hapo akashusha sauti, "kwa sababu ni bahari, tutafuata mila. Tutazika mgomba."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Nikaona mgomba kwa macho yangu, umevalishwa leso ya mama, unateremshwa kwa shimo, na Anko amesimama hapo na tai. Na huku chini ya maneno nikasikia kitu ingine: meno. Walikuwa wanakula. Kwa sababu chakula imepikwa haiwezi kutupwa, wakaleta sinia katikati ya msiba, wakala kuku ya mama yangu na machozi kwa mashavu. Kila mfupa ukivunjika mimi nilikuwa naona bawa linashuka kidogo.

Nikatoka nyuma ya mlango. "Anko, wacheni kula! Mnaangusha mama!"

Anko akanitazama vile mtu anatazama kuku ameingia kanisani. "Huyu mtoto amechanganyikiwa na uchungu. Mtoeni nje."

"Hajachanganyikiwa," Kukhu akasema kutoka chini. Watu walikuwa wamemsahau hapo kwa mkeka, walikuwa wanaruka miguu yake wakipitisha sahani. "Mtoto wangu hajafika. Bado yuko safarini."

"Mayi, kubali tu. Saa imepita."

"Saa ni yako. Nikubali nini? Umemwona? Umezika wangapi wewe? Mimi nimezika watano na wote nilijua. Huyu bado."

"Mayi, kula basi upate nguvu ya kulia."

"Kula wewe. Umeshaanza."

Mpaka leo hiyo jibu ikinijia nikiwa kazini nacheka peke yangu. Lakini Anko hakusikia kitu. Alirudi kwa ajenda. Walikuwa wanabishana kama tenti itakuwa nyeupe au ya bluu.

Nikaenda nikakaa na Kukhu chini, mgongo kwa ukuta. Nilimshika mkono, na mkono ulikuwa umelowa. Nikadhani ni maji. Nikaangalia uso, jasho linashuka kwa shingo, linaingia kwa nguo, na kile chumba siku hiyo kilikuwa baridi, ilikuwa imenyesha. Vidole vikaanza kucheza. Akaniita jina la mama. Halafu akaniita jina la dada yake mwenye alikufa hata mama hajazaliwa, akaniambia nifungue ng'ombe. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake tangu asubuhi na haikupata chakula ya kufanyia kazi. Siku hizi najua kueleza hivyo. Siku ile nilijua tu kwamba mama alisema jasho, kutetemeka, maneno hayaeleweki, na yote matatu yamekuja.

"Anko, Kukhu anatetemeka."

"Ni uchungu," akasema bila kugeuka. "Mwache alie."

Nikasema tena kwa sauti. Mtu akanifinya sikio. Nikakimbia kwa kabati nikafungua mkebe wa sukari. Ulikuwa mtupu. Walikuwa wamepika chai ya kamati mara tatu, wakakung'uta mkebe mpaka chini.

Na hapo ndio nikasimama, mbele ya kitu ya kwanza kwa maisha yangu yenye ilinigawa katikati. Kukhu akipewa kitu tamu, amekula. Akila, mkeka umevunjika, na mama yuko juu ya bahari. Asipopewa, anakufa hapa mbele yangu, na mama bado ataanguka kwa sababu hakuna mwenye atabaki kumshikilia. Msinicheke. Nyinyi mna digrii na mnaamini vitu mbaya kuliko hiyo. Nilipiga magoti, nikashika uso wake na mikono miwili, nikasema kwa sikio lake, "Kukhu, nikikaa mimi, itakubali? Nikifunga mimi?"

Macho yake yalikuwa yanaenda mbali, yanarudi. Yakarudi. Akaniona, mimi mwenyewe, si dada yake.

"Utaweza?"

"Nitaweza."

"Kaa, basi."

Nikasimama, nikaenda mpaka mbele ya mwenyekiti, akiwa katikati ya neno, na nikachukua kikombe chake kwa mkono wake. Anko alikuwa mtu wa vijiko vinne vya sukari. Ile chai ilikuwa inashikana kwa midomo. Kwa hiyo moja namshukuru, na hiyo moja peke yake. Ikamwagika kidogo kwa tai. Akaita jina langu lote, na la kanisani. Sikumjibu. Nikarudi kwa mkeka nikainua kichwa cha Kukhu nikamnywesha polepole, na Mama Wanjiru, haki yake nitampa, akaacha kikokotoo akaja akashika kichwa na mimi, akasema, "Ngai, Mungu wangu, huyu mama amelowa. Nyinyi hamuoni huyu mama amelowa?" Akatuma mtu dukani kwake alete sukari, wakamkorogea nyingine. Jasho likakauka. Akaacha kuongea na ng'ombe. Akalala ubavu pale kwa mkeka, anapumua vizuri.

Na mimi nikakaa.

Nilikaa chini hapo kando yake, miguu imenyooka vile alikuwa anafanya. Sikula, sikunywa. Hata mate nilikataa kumeza, kwa sababu sikujua sheria inafika wapi, nikawa natema kwa kitambaa. Anko akawaambia watu nimeshikwa na pepo na waongeze kipengele cha maombi kwa ajenda. Uliletwa kwangu, Brayo, ukaambiwa unipe paja la mwisho, na ukalizungusha mbele ya pua yangu ukasema, "Si ukule, kwani mamako atafufuka?" Umesahau? Mimi bado naona vile mafuta ilikuwa inateleza kwa kidole chako. Tumbo langu lilikuwa linaongea kwa sauti, mpaka watu wa kiti cha karibu wakasikia. Nikafunga macho nikaona ndege, ndogo, nyeupe, na chini yake maji hayaishi. Nikaambia ile ndege, usithubutu. Jua likahama kutoka kwa mlango likaenda kwa ukuta wa jirani, likapanda mabati. Hiyo ndiyo njia mimi nilipima Toronto. Wewe umepima na kidole kwa kioo.

Simu ililia jioni, watu wengine wakiwa wamerudi makwao kubadilisha nguo ya msiba. Nambari ndefu, haieleweki. Anko akairukia.

"Haloo! Nani? Wewe! Wewe uko wapi? Sisi tumeshakulilia!"

Sauti ya mama ilisikika chumba mzima. "Nimetoka tu uwanjani saa hii, nimeazima simu. Mmenililia nini? Huku ni asubuhi."

"Asubuhi gani? Hapa ni jioni!"

"Si ndio huku saa ni nyuma, Joram! Niliambiwa kwa ndege. Mayi amekula?"

Na huyo mtu, bila kupepesa jicho, mbele yetu sote, akasema, "Amekula. Nilihakikisha mwenyewe."

Hapo ndipo ilizaliwa, ile hadithi yake ya maikrofoni. Mimi niliiona ikizaliwa.

Kamati haikuvunjwa, msidhani. Iligeuzwa ikawa kamati ya shukrani, mwenyekiti yule yule. Viti vya plastiki vilikaa mpaka Jumapili. Kukhu aliinuka polepole, akashika ukuta, akapika ugali yeye mwenyewe kwa sababu kuku ilikuwa imebaki mifupa, akanimegea tonge la kwanza kabla yake. Nilikuwa bado nimekaa kwa mkeka, naogopa. Akaniambia, "Inuka sasa. Amekanyaga." Kwa maisha yake yote hakuongea tena juu ya hiyo siku, isipokuwa kwamba kila mtu wetu akisafiri, alikuwa ananitazama mimi kwanza kabla hajaita mkeka.

Mambo ya saa nilijifunza peke yangu baadaye, kwa atlasi kuukuu niliyopata kwa mitumba ya vitabu, jalada limetoka. Nikajua dunia inazunguka, nikajua Toronto iko nyuma yetu masaa saba, na baridi yao ikija inakuwa nane. Nikaenda mpaka kwa Anko nikamwekea kitabu mezani. Nikamwonyesha na kidole. Unajua alisema nini? Alisema, "Tiketi iliandikwa vibaya." Mtu mzima, na tai.

Sasa Brayo unaniambia niachane na mzee wako, ati ameshakuwa mzee, ati ni masaa kumi na tano, karibu tu na hesabu yake. Mimi najua ndege inashikiliwa na bawa na injini. Nimesoma, nimeangalia video mpaka macho yakawasha, naweza kukueleza hewa inapita wapi. Sijasema njaa yangu ilibeba kitu. Nasema kwa ile nyumba yenye watu wengi kulikuwa na mtu mmoja alikataa kumzika mtoto wake akiwa hai, na hao wengine wote walichagua rangi ya tenti. Na leo huyo mmoja ako chini ya udongo na wa tenti ndiye ana maikrofoni. Kwa hivyo wachana na kilomita. Nijibu tu hii moja, wewe Brayo na wewe mwenye unasoma na unajiona tofauti na yeye: mama yako akiwa huko juu na simu hailii, sinia ikipitishwa mbele yako, ungekula?